Kupasua Mwamba kwa Hesabu: Mwigo wa Tarakilishi, Nyufa za Ardhini na Dhima ya Lugha

1.0 Utangulizi

Methali isemayo "Usipoziba ufa utajenga ukuta" huuchukulia ufa kuwa dosari inayomsubiri mwenye nyumba azembee. Katika taaluma ya uchimbaji wa gesi na mafuta, hata hivyo, kuna ufa unaotafutwa. Wahandisi huuanzisha kwa makusudi, huurefusha kwa maji yenye shinikizo kubwa, kisha huujaza mchanga ili usijifunge. Kazi hii hufanyika kilomita kadhaa chini ya ardhi, mahali ambapo jicho la binadamu halifiki. Kwa kuwa ufa wenyewe hauonekani, wataalamu huitegemea tarakilishi iwaonyeshe jinsi unavyodhaniwa kukua. Maonyesho hayo ya tarakilishi ndiyo yanayoitwa mwigo katika makala haya.

Makala haya yana malengo mawili. Kwanza, yanafafanua jinsi mwigo wa upasuaji wa miamba kwa maji unavyoundwa na unavyofanya kazi. Pili, yanachunguza namna matokeo ya mwigo yanavyopaswa kuelezwa kwa Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba kila kauli inayotokana na mwigo ni kauli ya masharti. Mfasiri, mwanahabari au mwalimu anayeliacha sharti hilo njiani huwa ameigeuza dhana kuwa ukweli, na wanaoweza kuumia kutokana na kosa hilo ni watu wanaoishi juu ya mwamba unaohusika. Mifano imetolewa Texas nchini Marekani na Lancashire nchini Uingereza, kwa kuwa katika maeneo hayo miigo ilikabiliana na mwamba halisi na matokeo yakawekwa wazi kwa umma.

2.0 Mwamba wa Tope na Sababu ya Kuupasua

Mwamba unaozungumziwa hapa ulianza kama tope. Chembe laini sana za udongo zilichanganyika na mabaki ya viumbe, zikatua kwenye sakafu ya bahari au ziwa lenye maji tulivu, zikafunikwa na tabaka nyingine, kisha zikagandamizwa kwa mamilioni ya miaka hadi zikawa jiwe linalobanduka kwa vipande vyembamba. Kwa sababu ya asili hiyo, makala haya yanauita mwamba wa tope. Joto la ardhini liliyageuza mabaki ya viumbe kuwa mafuta na gesi, lakini sehemu kubwa ya gesi hiyo ilibaki imenaswa mumo humo ilimozaliwa.

Kinachoinasa ni udogo wa vitundu vya mwamba. Uwezo wa mwamba kupitisha viowevu na gesi huitwa upenyevu, nao hupimwa kwa kipimo cha darcy, kilichopewa jina la Henry Darcy, mhandisi Mfaransa aliyechapisha mwaka 1856 matokeo ya majaribio yake kuhusu maji yanayopita mchangani. Katika mawe mengi ya mchanga yaliyozoeleka kutoa mafuta, upenyevu huhesabiwa kwa sehemu za elfu za darcy. Katika mwamba wa tope huhesabiwa kwa sehemu za bilioni. Tofauti kati ya vipimo hivyo viwili ni mara milioni moja. Kisima cha kawaida kikichimbwa katika mwamba wa aina hii, gesi hutoka kidogo mno kiasi cha kutolipa gharama.

Suluhisho lililobuniwa ni kuutengenezea mwamba njia. Jaribio la kwanza la kupasua mwamba kwa kiowevu chenye shinikizo lilifanywa mwaka 1947 katika eneo la Hugoton, jimbo la Kansas, na huduma hiyo ikaanza kuuzwa mwaka 1949 katika majimbo ya Oklahoma na Texas. Kwa miaka mingi mbinu hiyo ilitumiwa hasa katika miamba yenye upenyevu wa wastani. Mwishoni mwa miaka ya 1990, kampuni ya George Mitchell, iliyokuwa ikichimba katika mwamba wa Barnett karibu na mji wa Fort Worth, Texas, ilipata mafanikio kwa kutumia maji mengi yenye kemikali chache badala ya ute mzito uliozoeleka. Mbinu hiyo ilipounganishwa na uchimbaji wa visima vinavyopinda na kuendelea kwa ulalo ndani ya tabaka, mwamba wa tope ukawa chanzo kikuu cha gesi nchini Marekani.

Kisima kimoja cha namna hiyo huweza kutumia makumi ya mamilioni ya lita za maji. Maji hayo husukumwa kwa awamu, sehemu moja ya kisima baada ya nyingine. Mchanga unaoingizwa pamoja nayo hubaki ndani ya nyufa na kuzizuia zisifunge shinikizo linapoondolewa. Gesi hufuata njia hizo hadi kisimani.

3.0 Jinsi Mwigo Unavyofanya Kazi

Mhandisi anayepanga kazi hiyo ana maswali kadhaa. Ufa utafika wapi? Utakuwa na upana gani? Je, utabaki ndani ya tabaka la gesi au utapanda juu? Hawezi kuyajibu kwa kuangalia, naye hawezi kufanya majaribio mengi kwa kuwa kila jaribio ni la gharama kubwa na mwamba uliokwisha kupasuka haurudi ulivyokuwa. Hivyo basi huuunda mwamba wa kubuni ndani ya tarakilishi na kuupasua huo kwanza.

Mwamba huo wa kubuni hugawanywa katika vyumba vidogo vidogo, mfano wa masega ya nyuki. Kila chumba hupewa sifa zake: ugumu wa mwamba, upenyevu wake, na mkazo unaoubana kutoka pande mbalimbali. Muda nao hugawanywa katika hatua fupi. Katika kila hatua tarakilishi hukokotoa mambo manne yanayotegemeana.

Jambo la kwanza ni mwendo wa maji ndani ya ufa. Kanuni inayotumika hapa husema kwamba kiasi cha maji kinachopita hulingana na upana wa ufa uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe. Upana ukiongezeka mara mbili huku mengine yakibaki yalivyo, maji yanayopita huongezeka mara nane. Kosa dogo katika kukadiria upana kwa hivyo huzaa kosa kubwa katika kukadiria mwendo wa maji.

Jambo la pili ni jinsi mwamba unavyotanuka. Maji husukuma kuta za ufa kwa nje, nao mwamba husukuma kurudi. Ufa hupendelea kufunguka kuelekea upande ambao mkazo wa ardhi ni mdogo zaidi, na ndiyo maana katika vina virefu nyufa nyingi husimama wima. Jambo la tatu ni ncha ya ufa. Mwaka 1921 Mwingereza A. A. Griffith, aliyekuwa akichunguza kuvunjika kwa kioo, alieleza kwamba ufa huendelea pale ambapo nishati inayoachiliwa na kutanuka kwake inatosha kulipia uso mpya unaoumbwa. Wazo hilo, pamoja na marekebisho yaliyofuata, bado ni msingi wa kanuni nyingi zinazoamua kama ncha itasonga au itasimama. Jambo la nne ni maji yanayovuja kutoka ndani ya ufa na kupotelea mwambani.

Ugumu wa hesabu hizi unatokana na kutegemeana kwake. Upana wa ufa hutegemea shinikizo. Shinikizo hutegemea mwendo wa maji. Mwendo wa maji nao hutegemea upana. Tarakilishi huanza kwa kukisia, hukokotoa, hulinganisha, husahihisha, kisha hurudia hadi majibu yakubaliane. Ndipo huingia hatua inayofuata.

Ikumbukwe kwamba tarakilishi haijui lolote kuhusu mwamba ila lile iliyoambiwa. Sifa zinazoingizwa hutokana na vipande vichache vya mawe vilivyotolewa kisimani na vipimo vilivyochukuliwa kandokando ya shimo jembamba tu. Kati ya kisima kimoja na kingine kuna mamia ya mita za mwamba ambao haujaguswa na mtu. Sifa za sehemu hiyo hujazwa kwa makisio.

4.0 Vielelezo Viwili, Majibu Mawili

Kabla ya kuwa na mwigo ni lazima kuwe na kielelezo. Kielelezo ni jumla ya dhana na milinganyo inayochaguliwa kuuwakilisha mwamba. Mwigo ni kile kinachotokea pale kielelezo hicho kinapoendeshwa kwenye tarakilishi kwa takwimu maalumu. Tofauti hii si ya maneno matupu, kama inavyodhihirishwa na vielelezo viwili vya awali katika taaluma hii.

Kielelezo cha kwanza kilianzishwa na wanasayansi wa Kisovieti Khristianovich na Zheltov mwaka 1955, kikaendelezwa na Geertsma na de Klerk mwaka 1969. Cha pili kilianzishwa na Wamarekani Perkins na Kern mwaka 1961, kikaendelezwa na Nordgren mwaka 1972. Vyote viwili vinadhania kwamba ufa una mabawa mawili yanayofanana, kila bawa likielekea upande wake kutoka kisimani, na kwamba kimo cha ufa hakibadiliki. Vinatofautiana katika dhana moja. Cha kwanza kinachukulia kwamba ufa una upana uleule kutoka juu hadi chini, kana kwamba tabaka lililopasuka linateleza kati ya tabaka za juu na chini yake. Cha pili kinachukulia kwamba ufa umebanwa juu na chini, hivyo umetanuka katikati na kufumba kwenye kingo.

Tofauti hiyo moja inatosha kugeuza jibu. Kwa mujibu wa kielelezo cha kwanza, shinikizo hupungua kadiri ufa unavyorefuka. Kwa mujibu wa cha pili, shinikizo huongezeka. Mwamba ni uleule, maji ni yaleyale, na hesabu zote mbili ni sahihi bila kasoro. Lakini kimoja kinasema mshale wa kipimo utashuka na kingine kinasema utapanda. Hakuna tarakilishi, hata iwe na kasi ya namna gani, inayoweza kuamua ugomvi huu kwa kuongeza usahihi wa hesabu. Anayeweza kuuamua ni mwamba wenyewe.

Hapa pana funzo la msingi. Mwigo hukaguliwa kwa njia mbili. Ya kwanza huuliza kama milinganyo imekokotolewa ipasavyo. Ya pili huuliza kama milinganyo iliyochaguliwa inaufaa mwamba unaohusika. Mwigo unaweza kufaulu mtihani wa kwanza kwa alama zote na bado ukaanguka ule wa pili.

5.0 Mwigo Mbele ya Mwamba

Mtihani huo wa pili ulifanyika kwanza katika Barnett. Nyufa zinapofunguka hutoa mitetemo midogo mno ambayo vifaa vilivyoteremshwa katika kisima jirani huweza kuinasa. Ramani za mitetemo hiyo zilizotolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000 hazikuonyesha mabawa mawili yaliyonyooka. Zilionyesha wingu pana la vituo vya mitetemo, ishara kwamba maji yalikuwa yakiamsha nyufa za kale zilizokuwamo mwambani na kufanya mtandao uliotatanisha. Vielelezo vipya vikabuniwa ili kuuzingatia mtandao huo.

Baadaye mwamba ulipata nafasi ya kuonekana kwa macho. Katika bonde la Midland, magharibi mwa Texas, mradi wa utafiti uliofadhiliwa na Wizara ya Nishati ya Marekani pamoja na kampuni za sekta hiyo ulichimba kisima cha mshazari kupitia mwamba uliokwisha kupasuliwa, na takriban mita 180 za kiini cha mwamba zikatolewa. Ndani yake watafiti walihesabu mamia ya nyufa zilizosababishwa na maji, nyingine zikiwa zimekaribiana sana. Picha iliyozoeleka ya ufa mmoja mnyoofu kwa kila tundu la kisima haikuweza kuyaeleza hayo. Miigo ilikuwa imetumika kwa miongo kadhaa, na nyingi kati yake zilikuwa zimerekebishwa hadi zikalingana na kiasi cha gesi kilichotoka. Kumbe mseto mmoja wa takwimu unaweza kulingana na historia ya kisima, na mseto mwingine tofauti kabisa ukalingana nayo vilevile.

Lancashire mtihani ulikuwa mzito zaidi, kwa kuwa uliwagusa watu majumbani mwao. Mwaka 2011, upasuaji wa mwamba wa tope katika eneo la Preese Hall ulisababisha matetemeko, kubwa zaidi likiwa la ukubwa wa 2.3. Kazi ilisimamishwa, na taratibu mpya zikawekwa: tetemeko la ukubwa wa 0.5 au zaidi likitokea wakati wa kusukuma maji, kazi ilipaswa kusitishwa kwa muda. Kazi ilianza upya katika eneo la Preston New Road mwaka 2018. Tarehe 26 Agosti 2019, tetemeko la ukubwa wa 2.9 lilitokea hapo, na wakazi wengi wakalihisi.

Mamlaka iliyosimamia mafuta na gesi nchini humo ilichunguza suala hilo na kufikia uamuzi kwamba kwa teknolojia iliyokuwapo haikuwezekana kukadiria kwa usahihi uwezekano wala ukubwa wa matetemeko yanayosababishwa na kazi hiyo. Mnamo Novemba 2019 serikali ya Uingereza ilisimamisha upasuaji huo katika England. Usimamishaji uliondolewa Septemba 2022, ukarejeshwa Oktoba mwaka huohuo. Katika sakata hii jambo la kuzingatiwa ni kwamba hakuna aliyesema tarakilishi zilikosea kukokotoa. Kilichokosekana ni maarifa ya mahali ilipo kila mipasuko mikubwa ya kale chini ya ardhi, na jinsi ilivyokaribia kuteleza kabla maji hayajaifikia.

6.0 Dhima ya Lugha

Mpaka hapa yamezungumzwa mambo ya wahandisi. Swali la msomi wa Kiswahili ni hili: dhana hizi zikiletwa katika lugha yetu, zivae maneno gani?

Tuanze na upasuaji. Kwa msomaji wa leo neno hili huleta kwanza taswira ya daktari mwenye kisu, anayejua anapokata na anapokoma. Taswira hiyo inapotosha. Hata hivyo kitenzi pasua kina matumizi ya kale zaidi, yaani kupasua kuni. Mpasuaji wa kuni huchagua mahali pa kupiga shoka, lakini gogo hupasuka likifuata nyuzi zake na fundo likiwapo hulipinda. Hivyo ndivyo mwamba ulivyo. Istilahi upasuaji wa miamba kwa maji inafaa, mradi anayeifundisha awapeleke wanafunzi kwenye gogo badala ya chumba cha upasuaji.

Istilahi ya pili ni mwigo. Wapo wanaoegemea ukopaji na kusema simulesheni. Neno hilo halina kosa la kisarufi, ila halimwambii msomaji chochote asichokijua tayari. Mwigo, kwa upande mwingine, humkumbusha kila mara kwamba kilicho mbele yake ni mfano wa kitu, wala si kitu chenyewe. Mwanafunzi wa fasihi ameshalizoea neno hili katika nadharia. Plato aliushuku mwigo kwa kuwa uko mbali na ukweli. Aristotle aliutetea kwa kuwa binadamu hujifunza kwa kuiga. Wote wawili wana haki mbele ya tarakilishi ya mhandisi. Mwigo wa nyufa hufundisha mengi ambayo yasingejulikana bila huo, na bado uko mbali na mwamba. Hata methali inayomwonya anayemwiga tembo kwamba atapasuka msamba inakiri kuwa kila uigaji una mpaka wake.

Istilahi ya tatu ni utabiri. Kwa kuwa utabiri wa hali ya hewa umekwisha kukubalika, ni rahisi kusema kwamba mwigo umetabiri urefu wa ufa. Makadirio ni neno salama zaidi, kwa maana linaruhusu kutajwa kwa kiwango cha chini na cha juu.

Lakini jambo zito kuliko istilahi ni kitenzi na viambishi vyake. Hebu tuzitazame sentensi tatu zilizobuniwa kwa ajili ya ufafanuzi:

(a) Ufa utafika mita 200.
(b) Mkazo wa tabaka la juu ukiwa kama ulivyokadiriwa, ufa utafika mita 200.
(c) Kama mwamba ungekuwa wa tabaka moja lisilo na nyufa za kale, ufa ungefika mita 200.

Sentensi (a) ni ahadi. Sentensi (b) ina kishazi tegemezi chenye kiambishi -ki-, kinachoacha mlango wazi: sharti laweza kutimia au lisitimie, na msomaji anajua la kuuliza. Sentensi (c) inatumia -nge-, ikikiri kwamba hali iliyodhaniwa si hali ilivyo. Matokeo ya mwigo huzaliwa yakiwa katika umbo la (b) au la (c). Yanapopita katika muhtasari, kisha katika taarifa kwa vyombo vya habari, kisha katika kichwa cha habari, kishazi tegemezi huwa cha kwanza kudondoka, kwa kuwa ni kirefu na hakina mvuto. Kinachomfikia mwananchi ni (a), na pengine (a) iliyotanguliwa na maneno "tarakilishi imethibitisha". Tarakilishi haijathibitisha, imekokotoa.

Kiswahili kimejaliwa njia fupi na bayana ya kuyabeba masharti haya ndani ya kitenzi chenyewe. Anayeandika habari za sayansi kwa Kiswahili hana kisingizio cha kuyaacha. Mkazi wa Lancashire aliyetaka kujua kama nyumba yake ingetikisika alistahili kupewa sentensi yenye sharti lake, ili aulize ni nani aliyelipima sharti hilo na kwa kifaa gani. Msomaji wa Kiswahili anastahili vivyo hivyo, iwe mwigo ni wa nyufa, wa mafuriko au wa maradhi.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba mwigo wa upasuaji wa miamba kwa maji ni hesabu ya mambo manne yanayotegemeana, inayofanywa juu ya mwamba wa kubuni wenye sifa zilizokisiwa kwa sehemu kubwa. Yameonyesha pia kwamba vielelezo viwili sahihi kihesabu vinaweza kutoa majibu yanayopingana, na kwamba huko Texas na Lancashire mwamba ulitoa majibu ambayo miigo haikuyatarajia. Hayo hayaufanyi mwigo kuwa kazi bure, kwa maana bila huo mhandisi angesukuma maji gizani.

Yapo mapendekezo mawili. Wahadhiri wa tafsiri na wa isimu wawape wanafunzi matini za sayansi zenye matokeo ya miigo, na wapime kazi zao kwa kuangalia kama masharti yote ya matini chanzi yamefika salama. Nao waundaji wa istilahi wachague maneno yanayoufanya umbali kati ya mfano na kitu uonekane, kama mwigo, kielelezo na makadirio, badala ya yale yanayouficha. Sharti lililodondoshwa katika sentensi ni ufa mdogo. Ni afadhali uzibwe ungali kwenye karatasi.